Usikimbilie Neno Jepesi

Kila anayejifunza Kihispania hufika mahali hapa. Salamu umezimudu, bei unauliza, ukielekezwa njia unafika. Kisha siku moja unataka kusema kilicho kichwani mwako, na maneno yanajipanga mbele yako: idea, pensamiento, concepto, noción, opinión. Kamusi ndogo inakwambia yote ni "wazo". Hapo wengi hukamata idea, hulibebesha kila kitu, na hubaki papo hapo kwa miaka. Wewe usibaki!

Una mtaji ambao pengine hujauhesabu: Kiswahili chako. Aliyekulia katika lugha hii hahitaji jedwali kutenganisha wazo, fikra, dhana na rai. Wazo hukujia ghafla. Fikra za Nyerere huandikiwa vitabu. Dhana hufafanuliwa darasani, na rai hutolewa mkutanoni. Kazi hiyo ya kuchagua unaifanya tangu utotoni bila kutoka jasho, basi usijidharau mbele ya Kihispania. Idea ndilo wazo lako. Pensamiento ni fikra: ukitaja el pensamiento de María Zambrano, mwanafalsafa wa Hispania, umetaja falsafa yake nzima. Concepto ni dhana, kitu chenye mipaka kinachoweza kufafanuliwa. Opinión ni rai.

Halafu kuna mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana njia, na hapo ndipo ninapotaka uingie kwa moyo wote. Mtu mwenye nociones de química anajua misingi ya kemia, yale ya mwanzo tu. Tengo muy buen concepto de ella maana yake ni kwamba namthamini mama huyo, namwona mtu wa maana. Ukituma pesa kwa benki ya Hispania utakuta sehemu imeandikwa concepto. Hapo unaandika malipo ni ya nini, iwe kodi ya nyumba au karo. Vitenzi navyo vinakusubiri. Pienso en mi madre: namwaza mama yangu. ¿Qué piensas de este libro?: una maoni gani juu ya kitabu hiki? Pienso viajar a Malabo: nakusudia kusafiri kwenda Malabo, huko Guinea ya Ikweta ambako Kihispania ni lugha rasmi. Kitenzi ni kilekile. Kinachokipeleka kwingine ni kiungo kidogo tu, au kukosekana kwake. Na pensar chenyewe kilitoka katika neno la Kilatini la kupima uzito. Basi pima!

Ukisikia kwamba tofauti hizi ni urembo wa wasomi, mkumbuke mwanafalsafa wa Hispania, José Ortega y Gasset. Mwaka 1940 alichapisha kitabu chenye maneno mawili kwenye jina lake, Ideas y creencias, na hoja yake ilisimama juu ya kutenganisha hayo mawili: mawazo ni vitu tulivyo navyo, tunavyoweza kuvijadili na hata kuviacha, ilhali imani ni ardhi tunayoishi juu yake bila hata kuiangalia. Angechanganya maneno hayo, kitabu kisingekuwapo.

Lakini anayenipa nguvu zaidi ni María Moliner. Alizaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha Paniza, mkoa wa Zaragoza, akawa mkutubi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, utawala wa dikteta Franco ulimshusha cheo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuandika kamusi nyumbani kwake Madrid, kadi baada ya kadi, katika saa zilizobaki baada ya kazi na familia. Diccionario de uso del español ikatoka mwaka 1966 na 1967, majuzuu mawili mazito. Haikuishia kueleza maana. Ilionyesha neno linavyotumika, na ikakusanya ndugu zake pamoja ili mwenye jambo moyoni, asiye na neno bado, aweze kulifikia. Mwaka 1972 jina lake lilipendekezwa awe mwanachama wa Real Academia Española, chombo cha lugha ya Kihispania kilichoanzishwa mwaka 1713, nacho hakikumchagua. Kamusi yake inatumika hadi leo. Mama huyu alikufanyia kazi wewe, unayekwama kati ya idea na concepto. Mtafute!

Basi anza leo usiku. Chukua habari moja iliyokugusa, uisemee kwa sauti mara nne: pienso que, creo que, opino que, me parece que. Sikiliza uzito unavyohama. Kisha kanusha: creo que viene inageuka no creo que venga. Kitenzi cha mwisho kimebadilika kwa sababu uhakika umeondoka, shaka ileile unayoitia unaposema "sidhani kama atakuja". Ukikosea, rekebisha uendelee. Mwenye lugha atakuelewa, na wengi wao watafurahi kukuona unatafuta neno lenyewe. Kesho, ukikutana na mwalimu wako au mgeni unayemwongoza, mtazame usoni umwambie: Se me ha ocurrido una idea. Yaani wazo limekujia, kama lijavyo kwa Kiswahili. Akikuuliza ni lipi, mweleze lote.