Aleluya Haikuchanwa Kitabuni



Kijana mwenzangu, leo naanza na jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mlevi. Nilipofika mwaka wa pili chuoni, nami nikaanza. Kwanza zilikuwa bia mbili za Ijumaa, halafu Ijumaa yenyewe ikawa inaanza Jumatano. Likizo moja nikaingia nyumbani nanuka pombe. Shangazi hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Ni damu ya baba yake hiyo, mtafanyaje?"

Nikuambie ukweli, neno lile halikuniumiza. Lilinipumzisha! Kama ni damu, basi si mimi. Na kama si mimi, sina cha kutubu. Nililala juu ya neno lile kama godoro kwa zaidi ya mwaka mzima. Hata siku nilipojikokota kwenda kuungama, nilimweleza padre habari za baba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akanisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni historia ya baba yako. Ya kwako iko wapi?"

Swali hilo ndilo ninalotaka tulitafakari. Je, mtu amefungwa na kile alichoandikiwa mwilini? Nimepata msaada mahali ambapo sikutegemea: katika habari za jinsi mtoto anavyoumbwa tumboni.

Mimi na wewe tulianza tukiwa seli moja. Ikagawanyika zikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Takriban siku ya 22 baada ya mimba kutungwa, moyo ukaanza kudunda, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba. Sasa hapa ndipo pa ajabu. Kila seli inapogawanyika, inanakili DNA yake yote. Seli ya moyo wako na seli ya jicho lako zina maandishi yale yale, yenye jeni kama 20,000 za kutengenezea protini. Mbona basi jicho halidundi, na moyo hauoni?

Kama unaimba kwaya, jibu unalo mkononi. Kitabu cha nyimbo ni kimoja kwa wote, na nyimbo zote zimo. Lakini hakuna Misa ambayo kwaya inaimba kitabu kizima. Kuna za Majilio, kuna za Pasaka, kuna za maziko. Ikifika Jumatano ya Majivu, Aleluya inanyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka. Je, kuna mwalimu wa kwaya anayeichana ukurasa wake? Hapana. Imo kitabuni siku zote arobaini, ila haiimbwi.

Ndivyo ilivyo ndani ya seli. Kuna protini ambazo kazi yake ni kujishikiza penye mwanzo wa jeni fulani na kuiwasha. Jeni ikiwashwa, inanakiliwa kuwa RNA, na nakala hiyo inasomwa ili protini itengenezwe. Jeni nyingine zinafungwa: uzi wa DNA unakazwa usifikike, au unabandikwa alama ndogo za kikemikali zinazoizuia jeni isisomwe. Na seli haijiamulii peke yake. Inapokea ujumbe kutoka kwa seli jirani, na mahali ilipo panachangia sana iwe nini. Seli ya moyo inazo jeni za jicho. Zimenyamazishwa tu.

Zamani kulikuwa na wanasayansi waliodhani kwamba seli ikishakuwa ya ngozi au ya utumbo, jeni nyingine zinapotea au zinafungwa moja kwa moja. Yaani ukurasa umechanwa, hakuna kurudi. Aliyewatoa katika mawazo hayo ni Mwingereza, John Gurdon. Huyu alipokuwa shuleni Eton mwaka 1949, ripoti yake ilimweka wa mwisho kati ya wavulana 250 katika biolojia, na mwalimu akaandika kwamba ndoto yake ya kuwa mwanasayansi ni kichekesho. Mwaka 1962 kijana huyo huyo alitangaza matokeo ya kazi yake. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, chura wa aina inayotoka kusini mwa Afrika, akakiweka ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Mara nyingi ilishindikana. Lakini mara chache yai lile lilikua likawa kiluwiluwi kizima, chenye macho, moyo na mkia! Maandishi yote yalikuwa bado yamo ndani ya kile kiini cha utumbo.

Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka akaonyesha jambo jingine kwa seli za panya: ukiziongezea jeni nne tu, seli za mwili uliokwisha kukua zinaweza kurudishwa katika hali inayofanana na ya mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja. Yamanaka ameeleza kwamba siku moja alitazama kiinitete cha binadamu kwa hadubini katika kliniki ya rafiki yake, akawakumbuka binti zake, akaona tofauti kati yao ni ndogo mno. Akaona lazima itafutwe njia nyingine, isiyoharibu viinitete.

Mimi hapo ndipo nilipoguswa. Kiinitete kwa macho ni kitone tu. Hakina uso wala sauti. Mtu akikipima kwa kinachoonekana leo, atasema hamna kitu. Mama Kanisa anatufundisha kumheshimu mtu tangu mimba inapotungwa, na hatufundishi hivyo kwa sababu ya ukubwa wa kitone, maana kisichosikika bado hakimaanishi kwamba hakipo. Mwalimu wa Gurdon alikosea hivyo kwa mwanafunzi wake. Nami nilikuwa nakosea vivyo hivyo kwa nafsi yangu: nilisikia wimbo mmoja unaoimbwa ndani yangu, wa ulevi, nikadhani ndio kitabu kizima.

Lakini tusidanganyane. Shangazi hakusema uongo mtupu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi unachangia karibu nusu ya tofauti zilizopo kati ya watu katika hatari ya kuwa walevi. Hakuna jeni moja ya ulevi. Zipo nyingi, kila moja na mchango wake mdogo. Na Kanisa linalijua hilo la udhaifu wetu. Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya nafsi na ya jamii yanaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake, hata pengine kuiondoa. Kwa hiyo anayepambana na ulevi asitupiwe mawe. Kosa langu mimi lilikuwa jingine: nililichukua fundisho la huruma nikalifanya ruhusa.

Halafu kuna tofauti kubwa kati yangu na seli. Kiini cha Gurdon hakikuulizwa kama kinataka kuhama, kilichukuliwa tu. Mimi naulizwa. Mungu aliyeniumba bila kunishauri hanitakasi bila ridhaa yangu. Seli inaitikia ujumbe, lakini mtu anaitikia mwito, na anaweza kukataa. Hapo ndipo uhuru wangu ulipo, hata ukiwa mdogo kama mbegu ya haradali.

Ila kuna jamboimoja la chura nimelishika sana. Kile kiini hakikubadilika kwa kukaa pale pale kwenye utumbo na kujikaza. Kiliwekwa ndani ya yai, katika mazingira mapya, na mazingira yale yakaanza kuamsha kilichokuwa kimelala. Mimi nilikuwa naweka nadhiri kila Jumapili huku nikiendelea kukaa meza ile ile, na marafiki wale wale. Nilianza kupona nilipokubali kuhamishwa: kitubio kila mwezi, jumuiya, kwaya, na mshauri wa hospitali ambaye niliona aibu sana kumwendea. Nimeanguka mara mbili njiani. Nikarudi. Hata kwa Gurdon mara nyingi ilishindikana, na hakuacha.

Na kama bado unaambiwa kwenu kuna laana ya ukoo, fungua Injili ya Matayo, sura ya kwanza. Usiruke yale majina. Humo yumo Rahabu, kahaba wa Yeriko. Yumo Daudi aliyechukua mke wa mtu na kumuua mumewe. Huo ndio ukoo ambao Bwana wetu alikubali kuitwa mwana wake. Hakuona aibu kwa majina yale, wala hayakumzuia kuwa Mtakatifu.

Pasaka iliyopita nilisimama na wenzangu kwenye Mkesha. Padre alipoianzisha Aleluya, sauti ilinikwama kooni kidogo, halafu ikatoka. Shangazi alikuwa benchi la tatu. Baada ya Misa akaniambia, "Kumbe unaimba kama baba yako." Kwa miaka yote ile sikujua kwamba baba naye aliwahi kuimba kwaya. Hiyo nayo ilikuwa ndani ya damu.

Wiki hii, keti kimya dakika tano mbele ya Ekaristi ujiulize: ni jambo gani jema ndani yangu nimelihesabu limekufa, kumbe limenyamaza tu? Na je, niko tayari kuhamishwa?

Tusali. Ee Mungu Muumba wetu, uliyetujua tungali kitone tumboni mwa mama zetu, amsha ndani yetu wema ulioupanda. Utupe ujasiri wa kusema ndiyo, na subira tunapoanguka. Uwarehemu wazazi wetu kwa mabaya waliyoturithisha, na utufumbue macho tuyaone mema yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.