Tuchangiane Tukiwa Wazima



Katika mfano wa Msamaria Mwema, Bwana wetu Yesu Kristo hakuishia kwenye huruma ya njiani. Yule Msamaria alimfunga mgonjwa majeraha, akamfikisha katika nyumba ya wageni, kisha akatoa dinari mbili, na kuahidi kwamba gharama ikizidi ataimaliza arudipo. Hivyo Injili yatufundisha kwamba kumwuguza mtu kwahitaji fedha, na kwamba aliye na nguvu yampasa kuitoa kwa ajili ya asiye nayo. Dinari mbili za siku hizi ni bima ya afya, nayo ndiyo tunayotaka kuinena leo.

Sisi Watanzania twalijua jambo hili tangu zamani kwa njia yetu wenyewe. Mitaa na vijiji vingi vina vyama vya kufa na kuzikana. Kila mmoja hutoa kidogo chake kwa wakati, na siku ya msiba jamaa hawahangaiki kutafuta sanda wala chakula cha waombolezaji. Lakini hakuna chama kiwezacho kudumu kikiwapokea watu siku ya msiba wao. Nani angechangia miaka mitano, ikiwa jirani yake aweza kujiandikisha asubuhi, maiti akiwa ndani, na kupewa sawa naye? Chama cha namna hiyo hakimalizi mwaka.

Bima ya afya ni chama kama hicho, ila huchangia uzima badala ya maziko. Hapa, ole wetu, wengi huisahau kanuni. Mtu mzima wa mwili husema: “Siumwi, ya nini kutoa fedha?” Siku daktari amtajiapo upasuaji, ndipo aikimbilia kadi. Matunda yake tumeyaona. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilimpatia mtoto mmoja bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi wakamwandikisha mtoto mgonjwa, wakawaacha ndugu zake wazima. Malipo ya matibabu yakapita mbali michango, na mwezi Machi 2023 mpango ule ukasimamishwa kwa namna ulivyokuwa.

Wazee nao huumia. Wazima wakikaa nje, wabakio ndani ni wagonjwa na wenye umri mkubwa. Ada hupanda, ikipanda, wazima wengine hutoka, nayo hupanda tena. Kampuni za binafsi, zikihofia hasara, humtoza mzee zaidi ya kijana, na nyingine huweka ukomo wa umri wa kumpokea mwanachama mpya. Basi mtu aliyefanya kazi miaka 40, akalea watoto na kulipa kodi, hufungiwa mlango wakati ule ule magoti na moyo vinapoanza kumsumbua. Kweli, sera ya nchi humsamehe gharama mzee wa miaka 60 asiye na uwezo. Lakini msamaha huo wamfaa nini, dawa ikikosekana hospitalini akaambiwa akainunue dukani?

Kanisa halikunyamaza. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alivisifu vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na uzee. Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Na haki si sadaka, ni deni.

Basi yatupasa nini? Kwanza, enyi wazazi, andikisheni nyumba nzima, tena mapema, wala si mgonjwa peke yake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 katika mikoa mingi ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mtu. Wapo wasiozipata hata hizo. Lakini wangapi kati yetu hutoa zaidi kwa harusi ya siku moja! Pili, ninyi wenye mishahara, wakumbukeni baba na mama kabla hawajalala kitandani. Amri ya Nne haikomi kwenye salamu. Tatu, jumuiya zetu ndogo ndogo ziwatafute wajane na wazee wasio na mtu, na kuwalipia.

Nao wakuu wana wajibu wao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungwa mwaka 2023, yataka kila mkazi awe na bima, na yaweka mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Ni sheria njema. Lakini mfuko huo sharti utiwe fedha kweli, na dawa ziwepo. Maana alipaye na kukosa dawa hatalipa mara ya pili. Wenye kampuni nao wasiwachague vijana na kuwakimbia wazee, kwani kijana wa leo ndiye mzee wa kesho.

Siku ya mwisho Bwana atatuuliza habari za wagonjwa. Haba na haba hujaza kibaba: tukijaze sasa, tungali wazima, ili mgonjwa akikute kimejaa. Mungu atujalie moyo huo.