Mgeni Aliyepewa Jembe



Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hawakutuambia mgeni huyo akiisha kulima miaka 5 huitwa nani. Swali hilo latuhusu, kwa maana wako wana wetu, wauguzi na wenye ujuzi mwingine, waliokwenda Uingereza kufanya kazi. Mwezi wa Julai 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda huko. Hao jembe walipewa tangu siku ya kwanza.

Utaratibu wao ni huu. Sharti mfanyakazi apate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, naye ampe hati ya udhamini. Kwa miaka mingi kanuni imekuwa kwamba akiisha kutumika miaka 5 aweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mwajiri athibitishe kuwa bado anamhitaji. Aweza kuhamia kwa mwajiri mwingine, mradi huyo naye awe mdhamini na kibali kiombwe upya. Lakini kazi ikikoma, kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kutafuta mdhamini mwingine, au aondoke. Tena mwezi wa Mei 2025 serikali ya huko ilitangaza kusudi la kuifanya miaka hiyo 5 iwe 10. Hapo twamkumbuka Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, kisha akaambiwa atumike 7 mingine.

Basi yafaa tujiulize: mtu ambaye makao yake yamo mikononi mwa mwajiri wake, je, aweza kusema kweli? Tumfikirie muuguzi anayeona mgonjwa mzee ameachwa usiku kucha bila kugeuzwa kitandani, kwa kuwa wauguzi hawatoshi. Mwenyeji akilalamika, huenda akapoteza kazi. Mgeni akitaka kulalamika, huhesabu kazi, nyumba, shule ya watoto, na miaka 4 aliyokwisha kutumika. Naye akinyamaza, anayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo hofu ya mgeni si shida ya mgeni peke yake.

Wengine watasema: mwajiri amegharimia, ameandika barua, amengoja, je, hastahili utii? Twakubali kwamba astahili kazi njema na shukrani. Lakini deni la namna hii hulipwa kwa kazi, nalo linalipwa kila zamu. Ulimi haukuwekwa rehani. Mwajiri amwambiaye mtu, "Kumbuka ni nani aliyekuleta," amekwisha kugeuza fadhila kuwa kamba. Wala hatumhesabu kuwa mkosefu wa shukrani yule ambaye, akiisha kupata ukaazi, anatoa taarifa kama mkataba unavyotaka na kuhamia kwingine. Huyo hakutoroka, amemaliza.

Je, na sisi tuliobaki nyumbani? Kijana akipiga simu usiku na kusema amechoka, humjibu nini? Mara nyingi twamwambia, "Vumilia, mwanangu," na kabla simu haijakatwa twamkumbusha karo ya mdogo wake na mabati ya nyumba. Tumemlaumu mwajiri kwa kushika kamba, kumbe ncha yake ya pili tumeishika sisi.

Hatusemi wasiende, wala wasivumilie. Twasema kwamba kabla ya kumwambia mtu avumilie, tumwulize anavumilia nini. Kama ni baridi, na upweke, na zamu za usiku, tumtie moyo, kwa maana hayo yana mwisho. Kama ni kuona mabaya na kufunga kinywa, tumwambie kwamba nyumba yetu yaweza kungoja mabati, na kwamba siku atakayorudi na begi moja mkononi, atapokewa kama alivyosindikizwa. Sheria za Uingereza hatuwezi kuzibadili sisi. Lakini mtu ajuaye kwamba ana mahali pa kurudi hamwogopi mwajiri kama yule asiye na pa kurudi. Na mahali hapo ni juu yetu kumwekea.