KUNDI LA YAKOBO NA DAWA YA MALARIA

Neno: Mwanzo 30:25-43, 1 Wakorintho 12:26



Vijana wetu wa sekondari wanarudi nyumbani na somo la mageuko ya viumbe, na wazazi wengine wanaogopa. Wanauliza, "Mchungaji, mtoto asome mambo haya?" Leo tulitazame somo hilo kwa jambo ambalo kila nyumba hapa kambini inalijua: malaria.

Kwanza, Yakobo. Yeye alikuwa mchungaji wa mifugo, lakini alijua kutenga. Wanyama wenye nguvu aliwazalisha upande wake, wadhaifu wakabaki kwa Labani. Hakuna mbuzi aliyegeuka rangi akiwa malishoni. Kundi ndilo lililobadilika, kwa sababu ya wale waliozaa. Ninyi mliofuga kule nyumbani mnalijua hili.

Pili, vimelea vya malaria. Katika damu ya mgonjwa mmoja vinaweza kuwa mabilioni, na huongezeka kila baada ya saa 48 hivi. Vinapozaliana, kasoro ndogo ndogo hutokea katika urithi wao. Nyingi hazina faida. Lakini mara moja moja kasoro hukipa kimelea uwezo wa kustahimili dawa. Dawa ikiingia, vingine vinakufa, hicho kinabaki, na uzao wake unajaza nafasi. Kisha mbu anaupeleka kwa jirani. Hapo hakuna Yakobo wa kuchagua. Dawa yenyewe ndiyo chekeche.

Kizazi cha binadamu ni kama miaka 25. Cha kimelea ndani ya damu ni siku mbili. Ndiyo maana mabadiliko yake tumeyaona kwa macho yetu. Klorokwini ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vimelea sugu vilionekana Asia na Amerika ya Kusini; mwishoni mwa miaka ya 1970 vilifika Afrika Mashariki. Mwaka 2001 Tanzania ilibadilisha dawa. Kati yetu wapo waliozika watoto ambao klorokwini walikuwa wamekwisha kuimeza.

Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993. Watafiti walipoijaribu tena huko mwaka 2005, iliponya karibu watoto wote waliopewa. Dawa ilipoondoka, usugu haukuwa na faida tena, na vimelea vya kawaida vikalijaza kundi.

Tatu, wajibu wetu. Dawa ya mseto humezwa mara sita kwa siku tatu. Homa ikishuka siku ya pili, mama anafunga vidonge vilivyobaki kwenye kitambaa, avitunze kwa ajili ya mdogo wake. Simlaumu. Aliyekimbia mikono mitupu hujifunza kuweka akiba ya kila kitu. Lakini, mama yangu, nusu dozi haimponyi huyu wala yule. Inaua vimelea dhaifu na kuviacha vyenye nguvu vizaane. Hapo tunamfugia adui kundi lake!

Hatari hii iko karibu. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba Rwanda kuna vimelea vilivyoanza kuistahimili dawa iliyo ndani ya mseto. Baadaye vikathibitishwa Uganda na Tanzania pia. Mseto bado unaponya. Tuulinde.

Paulo anatufundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia, mwili wote unaumia. Mbu haulizi kama wewe ni Mkongo au Mrundi, wala kama unasali kwetu au kwa wengine. Kidonge cha mwisho unachommezesha mwanao kinamlinda pia mtoto wa nyumba ya pili.

Basi wazazi, waacheni watoto wasome. Kijana aliyelielewa somo hili ndiye atakayesema nyumbani, "Mama, tumalize dozi." Na sisi tumsikilize.

Mungu awabariki. Amina.