Jibu la Maabara na Heshima ya Mama

Mgonjwa wetu wa Haydom au Katesh akiambiwa kwamba figo zimekwisha kazi na anahitaji kupandikizwa, ukoo huitwa. Ndugu hujitokeza, hutolewa damu, kisha jibu hurudi: huyu anaendana naye, yule haendani. Wiki hii nataka tulikalie hilo jibu la pili, kwa maana nimesikia likigeuzwa shtaka. "Kama ni wa baba mmoja, mbona hawaendani?" Na anayeinamishwa kichwa kwa swali hilo ni mama.

Shtaka hilo halina msingi. Juu ya seli zetu zipo protini ambazo kwazo mwili hutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Madaktari huziita HLA. Kila mzazi ana mafungu mawili ya protini hizo, na humrithisha mtoto moja tu. Basi ndugu wawili wa tumbo moja wana uwezekano wa robo kupata mafungu yaleyale, nusu kushirikiana fungu moja, na robo nyingine kutoshirikiana lolote. Wote ni wa baba yuleyule na mama yuleyule.

Tena, tazameni njia ya kuzitambua ilikotoka. Mwaka 1958 Jon van Rood kule Uholanzi na Rose Payne kule Marekani walionyesha kwamba wanawake waliozaa mara kadhaa huweza kuwa na kingamwili dhidi ya protini ambazo watoto wao wamezirithi kwa baba. Maabara zikaanza kutumia damu ya akina mama hao kama kipimo. Mwaka 1964 Paul Terasaki alitumia visahani vyenye vishimo vidogo: tone la kingamwili, kisha seli nyeupe za anayepimwa. Seli yenye protini inayotafutwa ilitobolewa ikaingiwa na rangi. Isiyo nayo ilibaki nzima. Siku hizi husomwa vinasaba vyenyewe, na aina zilizoorodheshwa duniani zimepita 30,000.

Jambo hili hunishangaza kila nikilifikiri. Mwili wa mama humtambua mtoto kuwa nusu mgeni, huweka alama yake katika damu, na bado humlea mpaka azaliwe. Mwenye Zaburi ya 139 alimsifu Mungu kwa kuumbwa kwake tumboni, naye hakuyajua haya. Sisi tunaoyajua, twawezaje kuchukua kipimo kilichotokana na damu ya akina mama tukamhukumia mama?

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza figo tangu 2018, na sasa hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa uloto, ndugu anayefanana kabisa hutafutwa kwanza. Kwa figo, dawa zimeboreka kiasi kwamba hata asiyefanana sana huweza kufaa, daktari akiridhika na vipimo. Kwa hiyo msikimbie kupimwa.

Wazee wa ukoo, nawaomba kwa jina la Kristo: jibu la maabara lifafanuliwe na daktari, lisijadiliwe kikaoni kama kesi. Ndugu asiyeendana asitazamwe kama aliyekataa. Naye bado anahitajika, maana kuna nauli ya kupitia Babati na Kondoa, kuna chakula cha wanaouguza Dodoma, kuna ng'ombe na shamba la mgonjwa huku nyumbani. Na mama aliyekwisha kusemwa, aliyemsema aende kwake wiki hii akamwombe radhi.