Abigaili Alijua Saa

Somo letu juma hili ni 1 Samweli sura ya 25, yote. Lakini naomba kwanza twende Sanaiya, kwenye karakana, maana huko ndiko nilikomwelewa vizuri mama Abigaili.

Ndugu mmoja wa kwaya yetu ni fundi wa mashine za bustani. Aliletewa trekta dogo la kukatia nyasi, la zamani, lenye injini ya Kohler ya silinda moja. Lilikuwa linawaka kwa shida, halina nguvu, linachemka. Alisafisha kabureta, akamwaga petroli ya zamani, akaweka plagi mpya. Petroli ipo, hewa ipo, cheche ipo, na bado trekta halivuti. Kilichobaki ni taimingi.

Alinieleza kwamba cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa. Inaruka mapema, pistoni ingali inapanda, kwa sababu petroli haiungui yote kwa mara moja. Katika injini zile ni nyuzi 20 kabla ya kufika kileleni. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, nyuzi hizo 20 ni pungufu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde! Cheche ikichelewa, moto unaikimbiza pistoni iliyokwisha kushuka, na nguvu inatokea kwenye ekzosi. Ikiwahi mno, moto unairudisha pistoni nyuma. Zamani magari yalipowashwa kwa hendeli, teke hilo liliwavunja watu mfupa karibu na kiganja, hata madaktari wakauita mvunjiko wa madereva.

Wala fundi hakutega kwa sikio. Alizungusha gurudumu zito la injini kwa mkono hadi alama ya herufi S ikakaa katikati ya tundu la kuchungulia, kisha akasogeza platini mpaka zikaanza kuachana pale pale. Nafasi yake ni nusu milimita tu.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mgonjwa ambaye moyo wake unakimbia ovyo anaweza kupigwa shoti ya umeme ili urudi kwenye mwendo wake. Lakini kwanza mashine inalinganishwa na mapigo yake. Shoti ile ile, kiasi kile kile, ikiangukia pale moyo unapojipanga upya baada ya pigo, inaweza kuufanya utetemeke tu bila kusukuma damu.

Sasa fungua Biblia. Nabali amewatukana vijana wa Daudi, na Daudi anakuja na watu 400 wenye panga. Abigaili hangoji wafike mlangoni. Anapakia punda mikate 200, divai, kondoo watano, na anawakuta njiani. Daudi mwenyewe anakiri kwamba asingefanya haraka, hadi asubuhi Nabali asingebakiwa na mwanamume hata mmoja. Kisha mama huyo anarudi nyumbani, anamkuta mumewe kwenye karamu, amelewa. Ana habari nzito mno kifuani. Hasemi neno, kubwa wala dogo, mpaka asubuhi divai imemtoka. Wahubiri wengi husifu maneno yake, nami nayapenda, ila nadhani tunazipita haraka saa zake.

Nimeketi na wanandoa kadhaa wa kusanyiko hili. Upendo upo, pesa inatumwa, simu zinapigwa. Lakini simu yenyewe inapigwa baada ya zamu ya saa 12, huyu amechoka, yule ameamshwa usingizini, na habari ya ada ya shule inaanzia hapo hapo. Saa ya Doha ndiyo saa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala (wa Goma wako nyuma saa moja tu), kwa hiyo hatuna cha kusingizia. Wengine ni kinyume: "Nitamwambia nikienda likizo." Miezi 11! Paulo, katika Waefeso 4, anatupa hadi jua kuchwa, na Desemba jua la Doha linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa wa zamu ya usiku, maana yake ni kusema kabla hujapanda basi la kampuni.

Utaijuaje saa? Abigaili aliambiwa na kijana mtumishi, naye alimsikiliza. Huyo kijana ndiye aliyejua Daudi yuko wapi, na kwamba Nabali si mtu wa kusemeka. Muulize mwanao mama yake ameamkaje. Muulize jirani. Omba kwanza, ndipo upige.

Ijumaa baada ya ibada pale Mesaimeer, wanandoa tutabaki nusu saa. Walio na wenzi wao nyumbani Afrika nao waje. Kila mmoja aje na jambo moja ambalo bado hajalisema, au ambalo analisema kila siku kwa saa isiyofaa. Chai itakuwepo.