Lijaribu Likiwa na Mzigo

Kuna desturi iliyoota mizizi katika yadi za magari za Dar es Salaam. Mteja akionyesha nia, anakabidhiwa ufunguo, kijana wa yadi anaketi pembeni yake, na gari linatoka likiwa tupu. Linazunguka mtaa wenye lami nzuri, kiyoyozi kinapuliza, redio inawashwa, kisha wanarudi ofisini kuzungumza bei. Kwa anayetafuta gari la kupeleka watoto shule na kwenda msibani, huenda mzunguko huo unatosha. Kwa fundi anayenunua gari la kazi hautoshi hata kidogo. Naandika haya kwa sababu naona watu wengi wenye biashara ndogo wakiweka akiba yao yote, na mkopo juu yake, kwenye chombo ambacho hawajawahi kukiona kikifanya kazi wanayokinunulia. Hakuna aliyejua jembe kwa kulitazama likiwa limeegemezwa ukutani.

Mume wa dada yangu ni fundi bomba. Alianza na begi la spana na baiskeli, baadaye akawa anakodi guta, na kazi zilipokua akahamia kwenye kirikuu za kukodi, vile vigari vidogo vya mizigo. Sasa ana saidia fundi watatu na kazi za majengo kuanzia Tabata hadi Goba. Alipopata Hiace ya mizigo aliyoipenda, aliniomba nimsindikize kwenda kuijaribu. Nilipofika yadi niliwakuta vijana wake wote watatu wamesimama getini na nguo zao za kazi. Mwenye yadi aliwatazama, akamuuliza shemeji kama hao nao ni wanunuzi.

“Hawa ndio watakaoshinda ndani yake, tajiri,” shemeji alijibu. “Mimi nitashinda kwenye simu.”

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Mwenye biashara ndiye anayelipa, lakini miili inayokutana na gari la kazi mara nyingi ni ya watu wengine: migongo inayoinama kupakia, magoti yanayobanwa kwenye siti ya nyuma, mikono inayovuta mlango uliokwama mvua ikinyesha. Tunapowaacha watu hao nje ya uamuzi, tunanunua kwa macho ya mtu mmoja kitu kitakachobebwa na viungo vya watu wanne.

Vijana walianza kwa kukagua ndani. Gari lenyewe lilikuwa jipya kwa shemeji tu; Japani lilikwisha fanya kazi kwa miaka. Ubavuni bado lilikuwa na maandishi ya Kijapani, kama magari mengi tunayopishana nayo Kariakoo na Buguruni, na kwenye kuta za ndani kulikuwa na mistari ya matundu ya skrubu mahali palipokuwa na rafu. Mmoja wa vijana alipitisha kidole kwenye matundu hayo, akasema aliyekuwa nalo alikuwa fundi kama sisi. Karibu na mlango wa pembeni sakafu ilikuwa imesuguliwa hadi rangi ikaisha, upande mmoja zaidi ya mwingine. Mtu fulani alipanda na kushuka hapo kwa miaka, akibeba vifaa vyake, akienda kurekebisha nyumba za watu. Sioni haya kusema kwamba niliguswa. Tumezoea kuulizia kilomita na mwaka wa gari, na maswali hayo ni ya lazima, lakini sakafu iliyosuguliwa ilitueleza mambo ambayo dashibodi haikuyasema.

Hiace yenyewe ina historia ya kazi. Toyota waliianza mwaka 1967, na umbo tunalolijua sana siku hizi, lile la paa lililonyooka na uso mfupi, lilitoka mwaka 2004. Ile ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Vipimo hivyo havikuja kwa bahati: sheria za Japani zinaliweka kwenye kundi la magari madogo gari lisilozidi urefu wa meta 4.7 na upana wa meta 1.7, hivyo wahandisi walibana kila nafasi iliyokuwapo, wakaweka injini chini ya siti za mbele ili sehemu ya mzigo ipate karibu meta 3. Ni gari lililochorwa kwa ajili ya mafundi wa mitaa myembamba, na hapo ndipo linapofanana na mahitaji yetu.

Lakini vifaa vyetu vina vipimo vyake. Bomba la PVC huuzwa likiwa na meta 6, kwa hiyo haliingii ndani hata uliingize kwa mshazari. Litahitaji keria juu ya paa. Bomba la PPR la meta 4 linaweza kupita katikati ya siti za mbele, na hapo ncha yake inakaa sentimita chache kutoka kwenye kiwiko cha dereva. Kwa fundi wa dari, karatasi ya jipsamu ni futi 4 kwa 8. Asipime ukuta hadi ukuta. Apime kati ya matao ya matairi ya nyuma, maana hapo ndipo karatasi inapokwama. Vijana walikuwa na futi kamba, na walipima kila kitu bila kuambiwa.

Kisha ikaja habari ya mlango wa nyuma. Kwenye Hiace unafunguka kwenda juu, wote kwa mkupuo mmoja. Mvua ikinyesha unakuwa kibanda cha kufanyia kazi, na kwenye uchochoro wa Manzese ukiegesha karibu na ukuta haufunguki kabisa. Kijana mfupi kuliko wote aliufungua, ukapaa, naye akabaki ananyoosha mkono bila kuufikia. Alitafuta mkanda wa kuuvutia, akakuta umekatika. Kama angekuwa hayupo, shemeji, ambaye ni mrefu, angelipa pesa na kuondoka, na kijana huyo angekuwa akipanda kwenye bampa kila siku ili aufunge. Mkanda ni kitu cha bei ndogo mno. Kukumbukwa na bosi wako kabla gari halijanunuliwa kuna thamani nyingine kabisa.

Chini ya gari kuna mambo mawili niliyojifunza ambayo nataka msomaji ayachukue. La kwanza ni kutu. Katika mikoa ya baridi ya Japani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chasisi kwa chini huku bodi ikibaki inang’aa. Ukilileta gari la namna hiyo kwenye hewa ya bahari ya Dar es Salaam au Tanga, kutu inaendelea na safari yake. Inama, uone kwa macho yako. La pili ni matairi. Tairi la asili la Hiace ya mizigo mara nyingi limeandikwa 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja hubeba kilo 975. Wauzaji wengine huvisha gari matairi mapya ya gari dogo, yenye namba kama 91, ambayo ni kilo 615. Zidisha kwa manne unapata kilo 2,460, wakati Hiace ya dizeli yenye tani moja ya mzigo na watu ndani hukaribia tani 3. Yanapendeza kwa macho, lakini ni hatari. Na tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio kwenye ubavu wa tairi zinataja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Shemeji aliomba ruhusa ya kulipakia. Mwenye yadi hakufurahi, na namwelewa, kwa sababu gari bado lilikuwa mali yake. Walikubaliana mifuko 10 ya saruji, kilo 500, iliyokuwa ikienda kwenye saiti ya Goba hata hivyo, pamoja na mashine ya kutoboa zege na kreti za viungio. Kirikuu, kwa mfano, kule Japani imeruhusiwa kubeba kilo 350 tu na injini yake haizidi sentimita za ujazo 660; mifuko 10 ni zaidi ya kipimo chake, ingawa sote tumeiona hapa mjini ikibeba 20. Inabeba kwa sababu dereva hana la kufanya, na anayelipa ni springi, breki, na siku moja mtu aliyekuwa akivuka barabara.

Tukapanda kwa njia ya Makongo. Kabla ya kupakiwa, likiwa tupu, gari lilikuwa likiruka kwenye kila tuta, kwa sababu springi zake za nyuma ni za chuma kizito kilichokusudiwa mzigo. Lilipopata mzigo likatulia. Huo ni ushahidi ambao mzunguko wa gari tupu huupindua: mteja anadhani gari ni gumu na bovu, kumbe linasubiri kazi. Katikati ya mlima shemeji alilisimamisha, akavuta breki ya mkono, akaliondoa tena taratibu akisikiliza klachi. Akatazama mshale wa joto, akatazama moshi kwenye kioo. Mweusi kidogo wakati wa kukanyaga, hakuna bluu. Bluu ingemaanisha injini inakula oili.

Kwenye mteremko alijaribu breki, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa mwili jambo nililolijua kwa kichwa. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo chetu kwenye makazi ya watu, gari hukata karibu meta 14 kila sekunde. Sekunde moja ya mshtuko, na umekwisha vuka meta hizo kabla mguu haujagusa breki. Kisha gari linapungua mwendo, lakini kisichofungwa ndani hakipungui. Kreti ya viungio iliteleza hadi ikagonga mgongo wa siti ya vijana. Ilikuwa breki ya upole tu.

Yule kijana mfupi ndiye aliyesema jambo lililobadilisha mazungumzo yote. Alikuwa amekaa siti ya nyuma, upande wa mlango wa kusukuma. “Bosi, huku moshi unaingia.” Sisi tuliokuwa mbele hatukuwa tumenusa chochote. Tulisimama, tukakagua, tukakuta mpira wa kuzunguka mlango wa nyuma umekauka na kupasuka pembe ya chini. Gari lenye mgongo wa wima kama sanduku likikimbia huacha nyuma yake hewa inayojizungusha, na kama kuna tundu, moshi wa ekzosi huvutwa kurudi ndani. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fikiria vijana hao wangekaa pale kila asubuhi na kila jioni, kwenye foleni ya Ubungo, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Dereva asingejua. Mwenye gari asingejua. Na mara ngapi saidia fundi anayekohoa huambiwa anatafuta sababu ya kukwepa kazi?

Nina imani kwamba heshima ya mtu anayeajiri huonekana zaidi kwenye mambo ya namna hii kuliko kwenye maneno. Kila Mei Mosi tunasikia hotuba kuhusu utu wa mfanyakazi. Halafu Mei 2 kijana yuleyule anapanda nyuma ya gari la mizigo, anakaa juu ya mifuko, anashikilia ngazi kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono mwingine, na wote tunaona ni kawaida. Wengi wa vijana hao wametoka mikoani, hawana mkataba, wanalipwa kwa siku, na hawawezi kumwambia bosi kwamba gari lake linawaumiza. Ndiyo maana wanapaswa kuulizwa kabla, wakati mnunuzi bado ana pesa mkononi na muuzaji bado anasikiliza. Pesa ikishatoka, malalamiko ya saidia fundi yanageuka kuwa kero.

Najua hoja itakayokuja: mwenye biashara ndogo hana muda wala nafasi ya kuchagua sana, rejesho la mkopo linamsubiri mwisho wa mwezi, akipata gari la bei anayoimudu anashukuru Mungu. Ni kweli, na sitaki kumwongezea mtu mzigo. Lakini mifuko 10 ya saruji ingepelekwa Goba kwa vyovyote vile. Futi kamba walikuwa nayo. Vijana walikuwa wanalipwa siku hiyo kwa kazi. Jaribio zima halikugharimu chochote zaidi ya kuvumilia uso wa mwenye yadi.

Tuliporudi, shemeji hakutaja rangi wala redio. Alitaja mpira wa mlango, mkanda wa kuvutia, matairi mawili ya nyuma yasiyofaa kwa mzigo, na wavu wa chuma wa kutenganisha siti na mizigo, ambao gari halikuja nao. Mwenye yadi alikubali mpira na mkanda papo hapo. Kwenye matairi walivutana hadi wakagawana gharama. Wavu aliukataa, akisema hiyo ni kazi ya mchomeleaji wala haihusiani naye. Shemeji alimpigia simu mchomeleaji akiwa pale pale, akauliza bei, akaiandika kwenye karatasi ileile aliyoandikia bei ya gari, akajumlisha, na akasema gari halitatoka kwenda saiti yoyote kabla wavu haujafungwa. Malipo ya kwanza yalifanyika siku hiyo hiyo jioni.